Kikomo cha Kusubiri

Jina lake silitaji, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Ifakara nzima ilimwita Mkaguzi. Wauza perege sokoni wakimwona anakuja na baiskeli yake waligeuza vibao vyao vitazame ukutani, maana alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni na hakuwa mvivu wa kuitumia. Mtu anaandika kwa chaki kwamba samaki wake wametoka majini leo, Mkaguzi anasimama, anawabonyeza shavuni, kisha anaandika chini yake: "Juzi." Halafu ananunua hao hao na kwenda zake.

Nilimfahamu miaka ya tisini, mimi nikiwa fundi mdogo katika ofisi ya kupima maji ya mto. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Alihudumia mitambo ya umeme Kidatu kwa miaka mingi, akapelekwa ng'ambo kusomea programu za kompyuta wakati sisi wengine kompyuta tulikuwa tunaisikia redioni tu. Kisha akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya posta, ambamo mkewe aliishi na ndimo alimofia. Jambo moja lingine lilijulikana kwa kila mtu: Mkaguzi alikuwa anasubiri barua ya mwanawe. Kijana huyo, wa pekee, alikuwa ameondoka kwenda mpakani bila kuaga, na tangu hapo kimya. Kila Jumanne na Ijumaa, gari la barua likishafika, mzee alifungua sanduku lake, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa pande zote, akafunga. Watu waliokuwa foleni waliangalia viatu vyao.

Kilichonipeleka kwake ni kadi. Mto Kilombero hupanda bila kubisha hodi. Msimu wa mpunga watu wa Mofu na Michenga huhamia mashambani, wanakaa kwenye madungu wakifukuza ndege na nguruwe, mbali na kijiji, na maji yakija ghafla mwenye dungu huwa wa mwisho kujua. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mradi mmoja ulipotuachia kipimo cha maji cha kufunga Mofu, na redio ya kututumia vipimo, na kadi ya kuvipokea ndani ya kompyuta yetu, nilifurahi kuliko wote pale ofisini. Maji yakipita alama, kompyuta ingelia, nasi tungeita Mofu kwa redio ya upepo, na vijana wangekimbia madunguni kuwaambia watu watoke.

Shida ni kwamba kompyuta haikuijua kadi hiyo. Mfumo tuliokuwa nao ni ule wa bure, uliotufikia katika rundo la disketi, na ndani ya kiini chake hapakuwa na kiendeshi cha kadi yetu, yaani ile programu ndogo inayoongea na kifaa kwa niaba ya mashine nzima. Ilibidi tukiandike wenyewe. Nilikiandika mimi, wiki sita, nikajisikia mwenye akili. Mkuu wa ofisi akaniambia hakianzi kazi mpaka Mkaguzi akione.

"Lakini mkuu, yule mzee kastaafu."

"Macho hayajastaafu," akasema. "Mpelekee."

Nilidhani atakuja ofisini. Hakuja. Kompyuta hakuwa nayo nyumbani na yetu hakutaka kuiona. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nikiiwasha nitaiamini." Alitaka karatasi. Basi nikachapisha programu yote kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni, nikayakunja, nikayafunga kwenye kapu la baiskeli na kumpelekea. Alikuwa na meza dirishani, rula ya mbao, na viti viwili, kimoja kikiwa kimelemewa na magazeti. Alinitazama nikiwa nimesimama, akatazama kiti, na ilimchukua muda kidogo kukumbuka kwamba magazeti yanaweza kuhamishwa. Hapo nilihisi kwamba muda mrefu hakuna mgeni aliyekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeandika mistari mingapi?"

"Mia nne na kidogo."

"Kidogo ndiyo mingapi?"

Alianza kusoma kutoka mwisho. Mimi nikadhani amekosea upande, nikanyoosha mkono kumgeuzia karatasi, akanipiga kofi dogo la rula kwenye vidole. Kila mtu anajua kuingia, aliniambia, hebu kwanza nione unavyotoka. Alimaanisha sehemu ile ambayo kiendeshi kinaachia vitu vyote kilivyovichukua kwenye mashine: nafasi ya kumbukumbu, njia ya kadi, kila kitu. Mimi nilikuwa nimeandika mistari mitatu tu ya kutoka, tena kwa haraka, siku ya mwisho. Akaikata yote. Kwenye mlango wa kuingia pia alikuta nimeomba kumbukumbu, nikaomba njia ya kadi, na nikinyimwa hiyo ya pili ninaondoka zangu bila kurudisha ile ya kwanza. "Ukiazima jembe kwa jirani," akasema, "halafu shoka ukanyimwa, jembe unarudisha kwanza ndipo unalalamika."

Siku ile nilirudi na karatasi nyekundu tupu. Nililia njiani, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwa mistari mingi hivyo kwamba nimekosea.

Alikuwa na misemo yake, na aliitumia bila huruma. "Kifaa hakina adabu" ndio aliopenda zaidi. Kadi ile ilikuwa inakatiza mashine kila kipimo kinapoingia, wakati wowote, hata kama mashine iko katikati ya sentensi. Mimi nilikuwa nimeandika kama vile kadi itasubiri zamu yake. Pale ambapo kadi inaweka kipimo na programu nyingine inakichukua, kwenye nafasi ile ile, bila kufunga, aliandika pembeni: "Wawili, mlango mmoja." Ilinibidi nikae siku nzima kuelewa kwamba kipimo kingeweza kusomwa nusu cha zamani na nusu kipya, na mto ukaonekana umeshuka wakati unapanda. Nilipoelewa nilimfikiria mama kwenye dungu lake, nikaacha kumchukia Mkaguzi kwa muda wa kama saa nzima.

Lakini neno aliloliandika mara nyingi kuliko yote lilikuwa moja: "Isipojibu?" Kila mahali ambapo programu yangu iliiuliza kadi kitu kisha ikasubiri, neno hilo lilikuwepo pembeni, na alama yake ya kuuliza ndefu. Nilihesabu kumi na moja. Nikaona mzee ananionea.

"Mzee, inajibu. Nimejaribu mara mia. Inajibu kabla hata hujapepesa."

"Isipojibu?"

"Itajibu tu, mzee. Ndiyo kazi yake."

Akaweka rula chini. "Nenda ofisini. Iache mashine inafanya kazi, uchomoe waya wa redio nyuma yake. Halafu uje unieleze."

Nilikwenda, nikachomoa. Saa iliyokuwa kwenye kioo ilisimama saa nne na dakika kumi na mbili. Nikabonyeza herufi, hakuna. Nikabonyeza zote, hakuna. Mashine nzima ilikuwa imeduwaa ikingoja kadi iseme kwamba iko tayari, na mimi ndiye niliyekuwa nimewazuia wengine wote wasiongee mpaka kadi iseme. Hakuna king'ora ambacho kingelia. Nikazima kwa swichi ya ukutani, nikapanda baiskeli, na njia nzima nikatafuta namna ya kumweleza bila kukubali kosa.

"Imesimama," nikasema.

"Mm."

"Yote."

"Huku chini ndani ya kiini," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ukali, "ukisubiri bila kikomo husubiri peke yako. Unasubirisha nyumba nzima. Hesabu mpaka idadi fulani. Isipojibu, andika kwamba haikujibu, endelea na maisha." Akachukua tena rula. Nilitazama nje dirishani, ukuta wa nyuma wa posta ulikuwa pale pale hatua thelathini, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu, na watu wengi walimwacha kwa sababu hiyo. Mkali wa mlango wa kutokea kwenye programu, lakini mlango wa nyumba yake hakuwa na komeo, aliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alijua ni sekunde ngapi kadi inahitaji, lakini wali aliupika asubuhi akaula jioni umepoa, kwa sababu alisahau kwamba amepika. Hakumkubalia mtu uongo hata mdogo, na bado kila alipoulizwa hali alijibu "salama kabisa" akiwa anatetemeka kwa homa. Nilimshika siku moja paji la uso, likanichoma kiganja. "Salama kabisa?" nikamuuliza. Akasema, "Hilo halikuandikwa kwenye karatasi."

Kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho na karatasi ya nyimbo, na baada ya misa alimkabidhi kiongozi wa kwaya karatasi ile ikiwa na masahihisho. Jirani yake alimwalika kwenye arusi ya binti yake, naye Mkaguzi akairudisha kadi ya mwaliko ikiwa nyekundu: siku na tarehe hazikuwa zinapatana. Alikuwa amesema kweli. Bila yeye nusu ya waalikwa wangefika siku isiyo yake. Kadi zikachapwa upya, arusi ikafana, na yeye hakupelekewa kadi ya pili. Nilipita siku ile kumletea karatasi, ngoma ikasikika pale pale ukutani, naye yuko mezani na rula yake. "Walirekebisha?" akaniuliza. Nikamwambia walirekebisha. "Vizuri," akasema, na akaendelea kusoma. Nilitamani kumkumbatia, lakini hakuwa mtu wa kukumbatiwa.

Nilikwenda kwake mara tano. Mara ya nne nilianza kuona kwamba ananiambia nirudi Jumanne wakati kazi ameimaliza Jumamosi, karatasi zimekunjwa tayari pembeni ya meza. Kosa la uongo hakuweka hata moja, hilo naweza kuapa. Ila nikishapokea karatasi zangu na kuaga, alikuwa anakumbuka jambo. Nikifika mlangoni anakumbuka lingine. Nikiwa nimekwisha panda baiskeli anakuja na mpira wa mlango mkononi kunieleza juu ya kipimo fulani cha Kidatu kilichosoma sifuri siku tatu na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa na haraka, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Laiti ningeshuka kwenye baiskeli.

Mara ya tano alisoma kutoka mwisho hadi mwanzo, kisha mwanzo hadi mwisho, kalamu ikiwa na kifuniko chake. Chini kabisa akaandika neno moja: "Nimeona." Hakuandika vizuri, wala hongera. Wenzangu wa ofisini walinieleza kwamba kuna watu walifanya kazi naye miaka kumi na hawakulipata neno lile. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Mvua zilipokuja mwaka ule zilikuja kweli. Asubuhi moja waya wa kipimo ulikatwa na gogo lililokuwa linaelea, vipimo vikakoma, na mashine ikahesabu mpaka kikomo, ikaandika kwamba kadi haijibu, ikalia. Ikalia kwa sababu kipimo cha mwisho kilikuwa karibu na alama na sasa kuna kimya, na Mkaguzi alikuwa amenilazimisha niandike kwamba kimya cha namna hiyo nacho ni habari. Tukaita Mofu. Mama yangu alitoka shambani kwa mtumbwi na kuku wake wanne kabla ya saa sita, na jioni yake dungu halikuwepo.

Nilikimbia kwenda kumweleza. Akauliza ilichukua sekunde ngapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, na mimi kwa furaha nikaropoka, "Mzee, mwanao angekuwepo angejivunia."

Papo hapo nikaanza kuomba radhi. Kisha akasema, "Yule alikuwa ananiandikia kila mwezi. Alikuwa shule ya bweni, mimi niko Kidatu. Mimi nilikuwa nazisahihisha."

"Unasahihisha nini?"

"Barua. Nakata makosa, naweka alama, namrudishia ajifunze. Wengine wote walikuwa wananishukuru kwa hilo." Alikuwa anazungusha kalamu mezani. "Mama yake alipofariki alirudi shuleni, akaniandikia kwamba alipokuwa nyumbani aliona nyumba imekuwa kubwa. Mimi nikaandika pembeni: nyumba haiongezeki, vyumba ni viwili. Nikampa arobaini na nne kwa mia."

Kalamu ikaacha kuzunguka.

"Sasa nikitaka hata kuona mwandiko wake," akasema, "sina. Zote nilizirudisha."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Morogoro. Nilimwandikia Mkaguzi mara mbili na, nakiri, niliogopa kila neno. Hakujibu, wala hakurudisha, na nikaona hiyo ni heshima.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nilipokuja kumsalimia mama. Nilipita nyuma ya posta, nikakuta mlango uko wazi na mwanamke mzee, dada yake kutoka Mahenge, anafunga shuka na sufuria kwenye furushi. Yeye Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha magazeti. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mistari mia nne na kumi na saba," akasema, na nikajua amenitambua.

"Huyu kaka yangu naondoka naye leo," dada yake akaniambia. "Nimembembeleza miaka. Haoni, anaungua na jiko, anakula wali umelala. Leo kakubali. Gari la saa sita, tuwahi pantoni."

"Nimekubali," Mkaguzi akasema. "Ila kuna barua. Nilimngoja mtu wa kuiandika. Majirani... unajua majirani."

Mkata miwa mmoja wa Kidatu alikuwa amemletea habari: kijana wake yuko Tunduma, anatengeneza magari makubwa, na gereji ina sanduku la posta. Nikavuta kiti. Karatasi aliyonipa ilikuwa na matundu pembeni, ya kazi yangu mwenyewe, upande wa nyuma. Akasema polepole, nami nikaandika kama alivyosema:

"Mwanangu. Ni baba yako. Macho yameharibika, kalamu kashika mtu mwingine. Ile barua yako ya baada ya msiba niliisoma vibaya. Uliandika kwamba nyumba imekuwa kubwa, nikakata. Ulikuwa umesema kweli. Nyumba ni kubwa. Usihangaike kuandika. Njoo. Ni pale pale nyuma ya posta, mlango haufungwi."

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Mkono wake ulipanda mpaka mfukoni ilipokuwa kalamu nyekundu, ukakaa pale. Dada yake aliacha kufunga furushi. Nilingoja, nikiwa tayari kukatwa sentensi yoyote.

"Nimeona," akasema, na mkono ukashuka mtupu.

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni mazoea, labda nilitaka tu mtu amuulize, maana miaka yote hiyo hakuna aliyewahi. "Mzee," nikasema, "asipojibu?"

Uso wake uligeuka kuelekea dirishani, ulipo ukuta wa posta, ingawa hakuwa anauona.

"Hapo usiweke kikomo, binti."

Dada yake alielewa kabla yangu. Alikaa kitandani, akavua kitambaa cha kichwa, akakivaa tena. Alimwambia kwamba posta iko hata Mahenge, kwamba barua nyingine inaweza kuandikwa. "Nimemwambia aje," Mkaguzi akajibu. "Akifika hapa akute nani?" Walibishana kidogo, kwa sauti za chini, kama watu waliokwisha bishana sana. Saa sita gari la Mahenge lilipopiga honi, dada yake alibeba kikapu chake mwenyewe na kwenda peke yake, akilia, bila kugeuka.

Mimi nilifungua furushi. Nikarudisha shuka kitandani na sufuria jikoni, mahali ambapo mkono wake ungezipata. Kisha nikafunga bahasha, nikautoa ule mpira na kuuacha mlango wazi, nikavuka kwenda posta.